Ndege ndogo ikishindwa kupaa: mambo ya kufanya kuanzia kwenye mizani

Kwa miaka 12 kazi yangu ilikuwa kupima watu. Abiria anafika, namkaribisha, namwomba apande mizani na mkoba wake mkononi, naandika kilo zake kwenye karatasi ya rubani. Nilianzia Mafia nilikozaliwa, kiwanja cha Kilindoni, nikamalizia viwanja vya bara. Kisiwani kwetu ndege ndogo si anasa. Ndiyo inayomwahisha mjamzito Dar es Salaam, ndiyo ya mwanafunzi aliyeachwa na boti ya Nyamisati, ndiyo inayorudisha maiti nyumbani ikazikwe. Kwa hiyo siandiki haya kumtia mtu hofu ya kupanda. Naandika kwa sababu siku moja nilikuwa abiria ndani ya ndege ndogo aina ya Caravan iliyoshindwa kupaa. Tulitoka wote hai. Nikikumbuka yaliyotusaidia na yaliyotuumiza siku ile, karibu yote yalitokea chini, kabla injini haijawashwa, na mengi yalikuwa ndani ya uwezo wetu abiria.

Kiwanja sitakitaja wala kampuni. Kilikuwa cha majani, kusini, msimu wa korosho, saa nane mchana. Asubuhi ilinyesha.

Sema kilo zako za kweli

Anza na mizani, maana hapo ndipo ajali nyingi za kuruka zinapozuilika, na hapo ndipo abiria anaposhika hesabu ya rubani mkononi mwake.

Ndege niliyoipakia zaidi ni Cessna 208B, tunayoiita Caravan. Ile yenye injini ya nguvu za farasi 675 uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni kilo 3,969. Toa ndege yenyewe ikiwa tupu, pamoja na viti na vifaa vyake, tuseme kilo 2,300. Toa rubani, 85. Toa mafuta kilo 500, ambayo ni kama lita 625, kwa kuwa lita moja ya mafuta ya ndege hizi ina kilo 0.8 hivi. Umebaki na kilo 1,084 za watu na mizigo. Weka abiria 12 wa kilo 75 kila mmoja: 900. Kila mmoja na begi lake la kilo 15: 180. Jumla 1,080. Zimebaki kilo nne. Nne! Sasa kila abiria apunguze kilo tano anapoulizwa uzito wake, na kila mmoja aingie na mfuko wa pembeni wa kilo tano ambao haukupimwa. Ndege imezidi kwa zaidi ya kilo 110 na karatasi ya rubani inaonyesha mambo ni shwari.

Kwa hiyo panda mizani ukiwa umeshika kila kitu utakachoingia nacho: mkoba, koti, chupa ya maji, mtoto wa mgongoni. Wanawake wenzangu, najua. Nimeona dada akishuka kwenye mizani uso umembadilika kwa sababu nyuma yake kuna foleni ya watu wanaosoma namba. Mimi nilikuwa naigeuza mizani inielekee peke yangu na naandika bila kutamka. Aliye zamu asipofanya hivyo, mwombe afanye. Kupimwa bila kutangazwa ni heshima unayostahili. Ila kilo zenyewe usizifiche.

Na usiamini mkono wako. Kuna mzee mmoja, Mmafia mwenzangu, alikuja na furushi la pweza mkavu limefungwa kwa kamba ya makumbi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mambo yote salama?"

"Salama. Babu, naomba na hilo furushi tulipandishe."

"La nini tena? Nimelibeba begani toka sokoni mpaka hapa."

"Ndiyo maana nataka kulipima, babu. Bega lako limezoea."

Akacheka, akalitua mwenyewe juu ya mizani. Kilo 19. Hakuwa amenidanganya, alikuwa hajui. Tukagawa, nusu ikaja na ndege ya jioni, na kila aliporudi baada ya hapo alianza yeye kuniuliza mizani iko wapi.

Wengi wanamkumbuka mwanamuziki Aaliyah, aliyefariki akiwa na miaka 22. Tarehe 25 Agosti 2001 Cessna 402B iliyombeba iliruka kutoka Marsh Harbour, Bahamas, kuelekea Florida, ikaanguka karibu kabisa na mwisho wa njia ya kurukia. Watu wote tisa walikufa. Uchunguzi ulikuta ndege imezidi uzito wake kwa kilo 300 na kidogo, ina abiria mmoja zaidi ya idadi inayoruhusiwa, na mzigo umeegemea nyuma kupita mpaka. Rubani naye alikutwa na makosa yake makubwa. Mimi kila nikisoma habari ile macho yanakwenda kwenye vifaa vya kurekodia video na mabegi yaliyopakiwa, kwa sababu kuna mtu kama mimi aliyevinyanyua.

Hata nchi zenye vifaa vyote zimepata msiba wa aina hii. Charlotte, Marekani, tarehe 8 Januari 2003, Beechcraft 1900 iliruka na watu 21, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka, wote wakafa. Nyaya za usukani wa mkiani zilikuwa zimerekebishwa vibaya, na juu ya hapo uzito ulikuwa umekadiriwa kwa wastani wa zamani wakati abiria wa kweli walikuwa wazito zaidi. Baada ya hapo Marekani iliongeza wastani wa kilo anazohesabiwa abiria. Kwenye ndege ndogo wastani haufai. Mpimwe.

Ukiona mzigo umeingia bila kupimwa, mwambie rubani

Siku yangu nilikuwa likizo, sina sare. Karatasi ya uzito ilishafungwa. Nimesimama kwenye kivuli cha bawa nikaona kijana wa mizigo anasukuma viroba vitatu vya korosho zilizobanguliwa nyuma kabisa, upande wa mkia, kisha anavuta wavu juu yake. Kiroba kimoja kilo 25. Vitatu ni mtu mzima wa kilo 75 ambaye hayumo kwenye orodha. Nilijua, kuliko yeyote pale. Nikajiambia moyoni, leo si zamu yangu. Nikapanda ngazi, nikakaa kiti cha mstari wa tatu, nikafunga mkanda.

Sitaki wewe ukae na jambo kama hilo. Ukiona mzigo umeongezwa dakika ya mwisho, mfuate rubani mwenyewe kabla hajawasha injini, usiishie kwa mtu wa mizigo. Sema kwa sauti ya kawaida: "Kapteni, samahani, vile viroba vitatu vimepimwa?" Maneno hayo tu. Hujamtukana mtu wala hujamfundisha mtu kazi yake. Rubani anayejiheshimu atashukuru, atakwenda kuangalia. Akikujibu kwa ukali au akasema ni vidogo tu, una haki ya kushuka na begi lako. Nimewahi kumwona mama mmoja akishuka hivyo, mtoto mkononi, abiria wengine wakimnung'unikia kwa kuchelewesha. Dakika tano baadaye rubani alishusha mizigo miwili.

Vilevile rubani akisema begi lako litakuja kesho, au tutasubiri jua lipoe, au tutakwenda kwa mikupuo miwili, usimbembeleze. Maneno ya "tujaribu tu kapteni" yanayotoka kwa abiria yana nguvu kuliko unavyodhani, hasa rubani akiwa kijana.

Kaa unapoambiwa

Ndege ndogo ni kama ngalawa: uzito ukikaa pabaya, hata ukiwa mdogo, chombo hakitii. Mzigo ukizidi nyuma, pua inainuka yenyewe kabla mwendo haujatosha, mabawa yanapoteza uwezo wa kubeba, na kimo bado ni kifupi mno kwa rubani kurekebisha. Ndiyo maana unaambiwa "wewe njoo mbele, wewe rudi mstari wa mwisho". Nimebishana na wanandoa waliotaka kukaa pamoja, na mtu mzima aliyeona ni dharau kuhamishwa kwa ajili ya mwili wake. Hama tu. Ukishakaa, usihame tena kumfuata mwenzako dirishani.

Na mnapopanda, msijazane wote kwenye ngazi ya nyuma. Caravan hupanda abiria kwa mlango wa nyuma kulia, na mkia ukielemewa wakati mbele bado kutupu, ndege inaweza kukalia mkia. Ile nguzo mnayoiona inachomekwa chini ya mkia wakati wa kupakia ni kwa ajili hiyo.

Joto, majani, soksi ya upepo

Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa ya juu milimani ni nyepesi. Ikiwa nyepesi, bawa linashika kidogo, propela inavuta kidogo, injini inapumua kidogo. Chukua kiwanja cha Wilson, Nairobi, kilicho futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida hewa ya kimo hicho ingekuwa nyuzi 4. Mchana ukiwa nyuzi 26 joto limezidi kwa 22, na marubani huongeza futi kama 120 kwa kila nyuzi moja iliyozidi. Ndege inafanya kazi kana kwamba iko futi zaidi ya 8,000. Arusha na viwanja vya Serengeti navyo viko juu. Sisi wa pwani kimo hakitusumbui, joto linatutosha.

Rubani mmoja mtu mzima, aliyenifundisha mengi, alinibandikia ukutani jedwali la ushauri la mamlaka ya anga ya Uingereza kwa ndege ndogo. Uzito ukiongezeka asilimia 10, umbali wa kuruka unaongezeka asilimia 20. Majani mabichi yenye maji, asilimia 30. Joto likipanda nyuzi 10, asilimia 10. Upepo wa mgongoni wenye kasi ya sehemu ya kumi ya mwendo wa kunyanyukia, asilimia 20. Na haya hayajumlishwi, yanazidishana. Ndege iliyohitaji mita 500 kwenye lami kavu isiyo na upepo, ikikuta majani ya maji ni 650, joto hilo likiongezeka ni 715, upepo ukiwa mgongoni ni karibu 860. Hapo viroba vya korosho bado hujavihesabu.

Wewe abiria ufanye nini na hesabu hizi? Ukiwa na uchaguzi, chukua ndege ya asubuhi. Kisha tazama soksi ya upepo, ule mfuko wa rangi unaoning'inia kwenye mlingoti. Ndege inatakiwa ikimbie kuelekea mdomo wa soksi, yaani iukabili upepo. Ukiona inajipanga kukimbilia upande ambao mkia wa soksi unaelekea, upepo uko mgongoni. Wakati mwingine kuna sababu ya haki: kilima upande wa pili, mteremko, au upepo ni mdogo mno. Uliza kabla ya kupanda. Siku ile mkia wa soksi ulikuwa umeinuka kidogo kuelekea tulikokwenda, nami niliuona.

Mlango na mkanda, kwa mkono

Hapa ndipo ninapowaomba sana mnisikilize, maana ni dakika moja tu na haigharimu kitu.

Rubani akimaliza maelezo yake, geuka utazame mlango wako kwa macho yako. Caravan ina milango ya mbele miwili ya marubani, kushoto na kulia. Mlango wa abiria nyuma kulia, ambao nusu ya juu inafunguka kwenda juu na nusu ya chini inashuka na ngazi. Na mlango mpana wa mizigo nyuma kushoto. Hesabu viti kati yako na mlango kwa kuvigusa, kwa sababu kwenye moshi macho hayakusaidii. Muulize rubani komeo linazungushwa upande gani, na kama mlango wa mizigo unafunguka kutokea ndani. Maswali hayo rubani anayajibu kwa furaha.

Ukipanda Cessna 206, ile ya watu sita inayotumika sana kwenye viwanja vya porini, uliza jambo moja zaidi. Mlango wake wa nyuma kulia una mabamba mawili, na vibao vya nyuma ya bawa vikiwa vimeshushwa, kama vinavyokuwa wakati wa kuruka, bamba la mbele linakwama kwenye kibao, halifunguki lote. Unatakiwa ulisukume lifike linapofika, kisha ufyatue komeo la bamba la nyuma na ulilazimishe lifunguke. Watu wameshafia majini nje ya Afrika kwa kutojua hilo, wakiwa hawana jeraha kubwa. Mwombe rubani akuonyeshe mkiwa bado chini, uufungue mwenyewe mara moja. Ndege nyingi za mafunzo aina ya Piper zina mlango mmoja tu, juu ya bawa la kulia. Aliye karibu nao ndiye anayewafungulia wote, basi ajue.

Mkanda nao. Mkanda wa gari unabonyeza kitufe. Wa ndege nyingi unanyanyua kibao cha chuma. Mtu akishtuka mkono unarudi kwenye mazoea, unabonyeza na kubonyeza pasipo na kitufe. Ukishakaa, fumba macho, funga na fungua mara tatu. Ukaze chini, juu ya nyonga, usikae tumboni. Kama kuna wa bega, uvae. Mtoto mchanga wa kupakatwa usimfunge ndani ya mkanda wako, mwili wako utambana. Mshike kifuani mkono mmoja ukishika kisogo chake, au afungwe kwa mkanda wake mdogo kama upo. Viatu viwe mguuni. Na kila kitu kigumu kisibaki mapajani: begi la kilo 10 kwenye mshtuko wa mara tisa ya uzito wake linakuja na nguvu ya kilo 90.

Ikiacha mbio katikati

Marubani wa viwanja vifupi wana kanuni: ukifika nusu ya njia na hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia, acha kuruka. Yule rubani wangu mtu mzima alikuwa akifika kiwanja kigeni anatembea kwa miguu, anahesabu hatua, anaweka jiwe lililopakwa chokaa pembeni katikati ya njia. Kiwanja tulichokuwa siku ile kilikuwa na jiwe la namna hiyo. Lilipita dirishani kwangu. Nilikuwa nimezoea sauti ya Caravan inapokuwa nyepesi, jinsi magurudumu yanavyoanza kugonga kwa mbali-mbali halafu yanakaa kimya. Yetu yalikuwa bado yanasaga matope, mfululizo, kama gari lililobeba mchanga. Pua ikainuka kidogo, ikarudi chini. Ikainuka tena, king'ora cha kuonya kwamba bawa linakaribia kuacha kubeba kikalia, ikarudi. Ndipo rubani alipokata nguvu, akageuza propela ivute nyuma, akakanyaga breki. Majani yalikuwa na maji. Tuliteleza mpaka mwisho wa njia, tukaingia kwenye mtaro.

Ukisikia nguvu imekatwa ghafla wakati wa mbio, usisimame, usifungue mkanda, usimpigie rubani kelele. Jikunje. Kama una mkanda wa kiunoni tu, lala mbele kifua kikutane na mapaja, kichwa kiegemee kiti cha mbele, mikono ifunike kichwa, nyayo zikae chini nyuma kidogo ya magoti. Kama una wa bega, kaa wima mgongo umegusa kiti, kidevu kifuani. Kaa hivyo mpaka ndege isimame kabisa. Mara nyingi kuna pigo la pili. Sisi la kwanza lilikuwa gurudumu la mbele kuvunjika, la pili pua kugonga ukingo wa mtaro, na jamaa wa mstari wa pili aliyekuwa ameinuka baada ya la kwanza ndiye aliyevunjika mfupa wa bega. Kilichomvunja ni kiroba cha korosho kilichopasua wavu.

Na ikiwa injini inakufa mkiwa mmeshapaa kidogo tu, utaona rubani anaelekeza pua chini na kwenda mbele moja kwa moja, hata kama mbele kuna minazi au shamba la muhogo na kiwanja kiko nyuma yenu. Hajachanganyikiwa. Kugeuka kwa kimo kifupi bila injini kunamaliza mwendo, bawa linaacha kubeba, ndege inaanguka kama jiwe. Anayetua mbele akiwa bado anaiongoza ndege anawapa nafasi. Jikunje, mwachie kazi yake.

Kutoka

Ikisimama, fungua mkanda, acha begi. Narudia, acha begi. Kwetu dada mmoja aliinama kutafuta simu chini ya kiti na nyuma yake watu watano wakasimama. Nilimshika kwapa nikamwinua. Muda huo mafuta yalikuwa yanadondoka, tak tak tak, juu ya bati la ubavuni, na harufu yake imeingia ndani. Matangi ya Caravan yako kwenye mabawa juu ya vichwa vyenu. Bawa likipasuka mafuta yanashuka kuwafuata.

Tazama nje kabla ya kufungua. Kukiwa na moto upande huo, tumia mlango mwingine. Kama pua imelala, mkia umeinuka, basi mlango wa nyuma utakuwa juu kuliko ulipopandia na ngazi itaning'inia. Kaa kitako kizingitini, teremka kwa matako, usiruke ukiwa umesimama. Wa kwanza kutoka abaki chini apokee watoto na wazee. Mlango wa nyuma ukikataa, nendeni mbele mpitie milango ya marubani.

Mkishashuka, nendeni upande wa mkia na upande upepo unakotokea, mfike mita 100 kama miguu inaruhusu. Msipite mbele. Propela ya injini ya aina hii inaweza kuendelea kuzunguka baada ya rubani kuzima, na ikizunguka haionekani. Watu wanaokuja mbio kusaidia kutoka kijijini ndio wanaojisahau zaidi, kwa hiyo mmoja wenu ainue mikono awapungie wasikaribie pua, na wasije na sigara wala pikipiki. Hesabuni vichwa, mlinganishe na orodha ya rubani. Sisi tulikuwa 11 pamoja naye. Tulihesabu mara tatu.

Kama mbele ya njia ni bahari

Viwanja vya visiwani na pwani vingine, ukipaa tu uko juu ya maji. Jaketi okozi ulivae au ulishike unavyoelekezwa, na usilijaze hewa ndani ya ndege. Maji yakiingia litakuinua mpaka darini na utashindwa kuzama kuufuata mlango. Wangazija wanaikumbuka tarehe 23 Novemba 1996, ndege kubwa ya Ethiopia iliyotekwa ilipoishiwa mafuta ikaangukia karibu na ufuko wao. Kati ya watu 175 walinusurika 50, na miongoni mwa waliokufa wapo waliojaza majaketi wakiwa bado ndani. Shika mlango kwa mkono mmoja, fungua mkanda kwa mwingine, toka, kisha vuta kamba. Mwenye mtoto amtangulize.

Saa zinazofuata

Ndege nyingi zina kifaa mkiani kinachojiwasha kwa mshtuko na kupeleka ishara kwa setilaiti kwenye masafa ya megahezi 406. Msikichokoe. Mkiwa porini kaeni karibu na ndege, kwa umbali salama, maana ndege inaonekana kutoka angani kuliko mtu.

Nenda hospitali hata kama unatembea. Mimi nilijiona mzima mpaka usiku, ndipo nikaona mchirizi mweusi wa mkanda umepita chini ya kitovu na tumbo limekaza. Daktari aliniambia mkanda unaookoa unaweza pia kuumiza utumbo ndani bila damu kuonekana, akanilaza siku mbili aniangalie. Mjamzito asisubiri hata saa moja.

Usisogeze kitu kwenye mabaki isipokuwa kwa kumtoa mtu au kuzima moto, na uwazuie wanaotaka kuchukua mizigo. Wachunguzi wa ajali za ndege, kwa taratibu za kimataifa, wanatafuta sababu ili isijirudie. Kazi yao si kutafuta wa kumfunga. Wape unachokijua. Na ukiandike kabla hujakaa na wenzako kukisimulia, maana ukishasikia la mwenzako lako linabadilika. Andika saa, ulipokaa, ulichosikia, soksi ilielekea wapi, mizigo ilikuwa wapi.

Maelezo yangu yalikuwa kurasa mbili, na ya tatu ilikuwa mchoro. Nilichora viti, nikaandika kilo nilizokadiria kwenye kila kiti, nikachora wavu nyuma na viroba vitatu chini yake, kila kimoja 25. Mchunguzi akaniuliza nilivionaje. Nikamwambia niliviona vikiingia, na sikusema. Akaandika hilo pia.